Nimebakiza semista moja na nimepata kazi Kariakoo: niahirishe mwaka?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, shahada ya maendeleo ya jamii, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na nimepanga chumba Mabibo. Semista hii ndiyo ya mwisho lakini mambo yamenielemea. Kozi ya takwimu ya mwaka wa pili nilifeli hadi sapu (mtihani wa marudio), kwa hiyo nimeibeba na nitaifanya sasa pamoja na kozi tano za mwaka wa tatu, utafiti ukiwa mmojawapo. Utafiti wenyewe unahusu kipato cha wamachinga waliohamishwa kutoka barabarani wilayani Ilala. Nimepanga kuhoji watu 333 katika kata tatu, ila sijavuka sura ya pili na msimamizi wangu hapokei simu. GPA yangu ni 3.4. Bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiingia linaishia kwenye madeni. Nimekopa 180,000 kwenye programu ya simu na sasa wanawatumia ndugu zangu meseji za kunidhalilisha. Mjomba ana duka la jumla Kariakoo, anasema nianze kazi hata kesho kwa 300,000 kwa mwezi. Zimebaki wiki kumi na moja kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa semista. Nimewaza kuahirisha mwaka, nifanye kazi, nilipe madeni, kisha nirudi nimalize kwa utulivu. Nyumbani Sumbawanga hawajui lolote na mama ameanza kuwaalika watu kwenye mahafali. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiahirishe.

Umeniandikia kazi ya mjomba, utafiti na ile kozi ya takwimu kama vitu vitatu vinavyogombea muda wako. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na kila mara naona ni kazi moja iliyogawanywa vibaya. Duka liko katikati ya watu unaotaka kuwahoji. Watu hao ndio watakaokupa data, na data hiyo ndiyo zoezi bora la takwimu utakalolipata. Ukivipanga kwa mfuatano huo, wiki kumi na moja zinatosha. Hutastarehe, lakini zinatosha.

Tuanze na hiyo ahirisho. Vyuo huruhusu mwanafunzi asimamishe masomo kwa sababu nzito yenye ushahidi: ugonjwa wenye barua ya daktari, uzazi, msiba mzito katika familia. Kupata kazi hakumo. Itabidi utafute sababu nyingine, na sababu ya kutunga hudai karatasi ya kutunga. Hapo utakuwa umehama kwenye sapu na kuingia kwenye kughushi, kosa ambalo linaweza kukutoa chuoni moja kwa moja. Hata ukiruhusiwa kihalali, mkopo wa Bodi ya Mikopo husimama mpaka urudi, na siku ya kurudi unaanza upya kufuatilia barua kati ya chuo na Bodi huku ukila kwa mkopo wa rafiki.

Kuna na jingine ambalo kitabu cha kanuni hakilisemi. Ofisi ya ushauri wa wanafunzi niliikalia miaka mingi, na walioondoka wakiwa wamebakiza semista moja "ili nijipange" niliwaona wengi. Ambao hawakurudi hawakuwa wavivu, bali kazi iliwanogea. Mshahara ukapanda kidogo, mtu akahamia chumba kikubwa, akaoa, wenzake wa darasa wakahitimu, msimamizi akaenda masomoni nje, kozi zikabadilishwa majina. Kariakoo haimfukuzi kijana anayejua hesabu na asiyeiba. Itakushika. Sisemi biashara ni mbaya, wapo wahitimu wangu wanaouza vitenge na hali zao ni nzuri kuliko yangu. Nasema tu uingie dukani ukiwa umemaliza.

Naona 3.4 inakunyima usingizi, basi tuipigie hesabu. Shahada ya miaka mitatu huwa na krediti zisizopungua 360. Tuseme kila kozi yako ina krediti 12. Ukiacha ile uliyobeba, umeshafaulu krediti 288 kwa wastani wa 3.4, sawa na pointi 979 na kitu. Kufika 3.5, yaani daraja la pili la juu, kunahitaji pointi 1,260. Zimepungua 281, na umebakiwa na krediti 72. Gawanya: 3.9. Kwa lugha ya darasani, ambako A ni 5, B+ ni 4 na C ni 2, ni B+ karibu kila mahali, takwimu ikiwamo. Ukitoka na C kwenye takwimu, zile tano nyingine zitalazimika kukupa A mbili na B+ tatu. Angalia uzito halisi wa kozi zako, maana utafiti mara nyingi huzidi kozi ya kawaida, kisha uirudie hesabu hii mwenyewe.

Inawezekana, lakini jiulize hiyo 3.5 utaifanyia nini. Kubaki chuoni kufundisha, vyuo vyetu hutaka kuanzia 3.8, nayo huifikii hata ukipata A tupu. Kusoma uzamili, vyuo vingi hupokea kuanzia 2.7, nayo unayo tayari. Zinabaki benki na mashirika kadhaa ambayo matangazo yao hutaja daraja la pili la juu. Kwa hao 3.5 ina maana, basi ilenge, ila usiilalie macho. Kinachoweza kukuumiza kweli ni kuifeli takwimu tena. Kozi hiyo ikiwa inafundishwa semista ya pili tu, ukianguka unangoja mwaka mzima kwa ajili ya mtihani mmoja, huna bumu, huna kitambulisho chenye uhai, na kila ukikutana na mtu wa kwenu anauliza, "Bado tu?" Kwa hiyo ukikosa muda wa kutosha kwa kozi zote, takwimu ipate kwanza. Na wiki hii uulize idarani kama alama zako za majaribio za mwaka jana zinahesabiwa au unafanya upya, maana kuna wanaogundua katikati ya semista kwamba hawana alama hata moja ya darasani.

Twende kwenye utafiti, na hapa nitakaa kidogo.

Hiyo 333 najua ulikoitoa. Umechukua wamachinga 2,000, ukaweka fomula ya sampuli ya Yamane ya mwaka 1967 na kosa la asilimia 5, ukagawa 2,000 kwa 6. Kila mwaka nakutana na 333 hiyo, au dada yake 400, kwenye rasimu za vijana ambao hawajawahi kuhoji mtu hata mmoja. Fomula ileile ukiiwekea kosa la asilimia 10, unagawa 2,000 kwa 21 na unapata 95. Kwa shahada ya kwanza, mtafiti mmoja asiye na gari wala bajeti, 95 ni idadi ya heshima. Andika sababu zako kwenye sura ya tatu bila kuona haya: muda, fedha, mtafiti mmoja. Wasomaji wa tasnifu wanakasirishwa na mtu aliyeandika 333 akaleta dodoso 140, siyo na aliyeandika 95 akaleta 95.

Kata tatu zishushe ziwe moja. Unajua msafara wa barua ulivyo: chuo kinaandika kwa Katibu Tawala, yeye anaishusha kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi kwa Mtendaji wa Kata, naye kwa Mtendaji wa Mtaa, kila meza na muhuri wake. Kata tatu ni mihuri mara tatu. Chukua Kariakoo au Gerezani, moja tu. Na barua ya Mkurugenzi iandikwe kwa Jiji la Dar es Salaam. Manispaa ya Ilala ilipandishwa hadhi ikawa Jiji mwaka 2021, lakini wanafunzi bado wananakili anwani ya zamani kutoka madesa ya kaka zao.

Sikuambii uchague Mchikichini, na sababu yake ni ya kitaaluma. Wamachinga waliondolewa barabarani kuanzia Oktoba 2021. Januari 2022 soko la Karume, lililoko hapo Mchikichini, likaungua. Ukimuuliza mtu wa pale kama kipato chake kilishuka, atakuambia kilishuka, na wewe hutajua kama ni kwa kuhamishwa au kwa moto. Ukiandika kwamba ni kwa kuhamishwa, mtahini yeyote anayesoma magazeti atakuuliza habari za moto, na hutakuwa na jibu. Ukilazimika kumhoji mtu aliyekuwa Karume, weka swali la moto peke yake, kisha umtenge kwenye uchambuzi.

Dodoso lako sijaliona, lakini nina hakika lina swali hili: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Lifute. Mmachinga hatakujibu ukweli, na mimi ningekuwa yeye nisingekujibu. Mtu mwenye karatasi na kalamu anayeuliza mapato anaweza kuwa wa kodi, wa manispaa au mtu wa vitambulisho vya 20,000 vile vya enzi za Magufuli. Halafu yeye mwenyewe hahesabu kwa mwezi. Anahesabu kwa mzigo. Muulize mzigo wa mwisho aliununua kwa shilingi ngapi, aliumaliza kwa siku ngapi, na alipokuwa barabarani mzigo wa namna hiyo ulikuwa unamchukua siku ngapi. Maswali hayo anayajibu bila kufikiri, na ukirudi nyumbani unaweza kukokotoa mzunguko wa mtaji wake, kitu ambacho hakimo kwenye tasnifu nyingi nilizosoma. Swali kama hilo peke yake lina thamani ya B+.

Dodoso zima lisizidi maswali kumi na matano. Litengeneze kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu, ni bure, unaijaza hata pasipo bando, na data inatoka kwenye jedwali tayari kwa uchambuzi. Utaokoa fedha ya kudurufu na usiku kadhaa wa kuingiza namba. Saa za kuwahoji muulize mjomba. Anajua kuliko mimi ni saa ngapi biashara hupoa na watu wanakaa kwenye viti kupiga soga.

Ila kuna mtego kwenye duka hilo. Bila shaka baadhi ya wamachinga huchukua bidhaa kwa mjomba kwa mali kauli, yaani wanauza kwanza ndipo wanamlipa. Hao usiwahoji. Mtu anayedaiwa na mjomba wako hawezi kukuambia kwamba biashara inaenda vizuri, wala hawezi kukuambia kwamba ni mbaya. Vyovyote atakavyosema atakuwa anaongea na mjomba kupitia kwako. Waruke, kisha uandike kwenye sura ya tatu kwamba umewaruka na kwa nini. Aya hiyo moja itamwonyesha mtahini kwamba unajua unachofanya. Na mjomba asikuitie watu. Atakuitia marafiki zake.

Msimamizi asiyepokea simu. Mwanangu, simu ndiyo njia mbaya kuliko zote ya kumpata mhadhiri. Anasimamia wanafunzi wengi, namba yako hajaihifadhi, na akipokea utamwambia "nilikuwa naomba kuonana na wewe", naye hajui mnaonana kuhusu nini. Mwandikie barua pepe fupi. Ambatisha sura, taja maswali mawili tu unayotaka akujibu, useme utapita ofisini saa zake za kuonana na wanafunzi, siku fulani. Halafu upite kweli, ukiwa na nakala iliyochapwa, nafasi mbili kati ya mistari, maana wengi wetu bado tunasoma na kalamu mkononi. Usimpelekee swali la "naomba mwongozo". Mpelekee uamuzi wako akukubalie au akukatalie: "Nimeshusha sampuli hadi 95 na kata hadi moja, sababu ziko ukurasa wa ishirini na mbili, naomba kama kuna pingamizi." Mtu aliyechoka hujibu hilo kwa dakika tatu. Kila mlipowasiliana andika tarehe. Wiki mbili zikipita kimya, nenda kwa mratibu wa utafiti wa idara ukiwa na kumbukumbu hizo, kwa adabu, bila neno la lawama, uombe akusaidie kumpata. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa usiandike kitu. Zile picha za skrini hufika mbali.

Sura ya pili iache kama ilivyo. Umeikalia tangu muhula uliopita kwa sababu kusoma maandiko ya watu hakuna mwisho na hakutishi. Andika ya tatu kwa siku nne. Kisha chora majedwali ya sura ya nne yakiwa matupu, kabla hujaingia sokoni: wangapi wanaume, wangapi wanawake, siku za kumaliza mzigo kabla na baada, nani anategemea mali kauli na nani ana mtaji wake. Jedwali ambalo huwezi kulichora maana yake swali lake halihitajiki kwenye dodoso. Ya pili utairudia mwishoni ukijua ni maandiko gani matokeo yako yanayahitaji, na utashangaa ni machache.

Na sasa takwimu. Ulifeli, nadhani, kwa sababu uliisoma kwa mifano ya vitabu: urefu wa mimea, alama za wanafunzi wa mahali usipopajua. Safari hii kila mada inayofundishwa ifanyie kwenye dodoso zako. Mhadhiri akifundisha wastani na wastani wa kati, chukua zile siku za kumaliza mzigo, uone wauzaji wawili wakubwa wanavyouvuta wastani juu huku wastani wa kati ukibaki pale wengi walipo. Akifika kai-skwea, kipimo cha kuona kama mambo mawili yanahusiana, tengeneza jedwali la safu mbili na nguzo mbili: waliohamishwa mbali na njia ya watu, waliobaki karibu, biashara iliyoshuka, isiyoshuka. Likokotoe kwa mkono mara kadhaa mpaka lisikusumbue, maana kwenye chumba cha UE hakuna kompyuta. Usiku mmoja wa namna hiyo unakusogeza kwenye mtihani na kwenye sura ya nne kwa pamoja. Pasti pepa za miaka minne mitano iliyopita uzitafute pia. Mada za takwimu hazibadiliki sana, hubadilika namba.

Jirani na kila chuo katika mji huu utakuta steshenari yenye kijana anayekufanyia uchambuzi kwa fedha, na mwenzake anayekuandikia tasnifu nzima. Siku hizi kuna na programu za akili unde zinazokuandikia sura kwa dakika moja, pamoja na maandiko ya waandishi ambao hawajawahi kuzaliwa. Kusaidiwa kurekebisha lugha au kuelewa namna ya kusoma jedwali sina ugomvi nako, kama chuo chako kinaruhusu. Ila siku ya kutetea kazi watakuuliza kwa nini ulitumia kai-skwea, na yule kijana wa steshenari hatakuwa chumbani. Wewe mwenye kozi ya takwimu mgongoni ndiye watakayemchunguza zaidi.

Kwa mjomba. Usimwambie hapana, wala usiende peke yako. Anza na mama. Mjomba ni kaka yake, na neno la dada yake litafika mahali ambapo la kwako halifiki. Hiyo itakulazimu umweleze mama habari ya ile kozi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwambie leo, kwa simu, kwa maneno machache: nilifeli kozi moja, naifanya sasa, nikifaulu nahitimu na wenzangu. Atanyamaza kidogo, kisha atauliza kama unakula. Mwambie pia asimkatie mtu tiketi ya basi mpaka chuo kitoe orodha ya wahitimu. Kutoka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, na matokeo ya mwezi wa saba huwa hayajathibitishwa na Seneti. Wapo wazazi waliofika Dar na mbuzi wakati jina la mtoto halimo kwenye kitabu cha mahafali.

Kwa mjomba mwenyewe peleka pendekezo lenye namba. Mshahara wa 300,000 kwa siku 26 ni kama 11,500 kwa siku. Mwombe ufanye Jumamosi zote kuanzia sasa, na kazi kamili kuanzia Jumatatu ya kwanza baada ya UE. Jumamosi kumi na moja ni kama 126,500. Kisha mwombe jambo la pili: alifute deni lako la 180,000 leo, wewe ulilipe kwa Jumamosi hizo, na hiyo 53,500 inayobaki aikate kwenye mshahara wako wa kwanza. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaelewa hesabu ya namna hii kuliko maombi. Akikataa Jumamosi, basi, umaliziane naye mwezi wa saba. Mtu mwaminifu wa kukaa kaunta anatafutwa Kariakoo kila mwaka. Siku za katikati ya wiki zikatae hata akiongeza dau. Kwa kipimo chako, saa kumi za dukani si saa kumi. Ni pamoja na foleni ya mwendokasi ya jioni, na ukifika Mabibo huna kichwa cha kufungua daftari.

Deni lilipwe haraka kwa sababu hiyo mikopo ya kausha damu inakula kichwa kuliko mfuko. Kabla hujalipa, angalia kama mkopeshaji wako yumo kwenye orodha ya majukwaa 69 ambayo Benki Kuu iliyatangaza Novemba 2024 kwamba yanakopesha bila leseni. Ulichokopa kirudishe, lakini riba iliyoongezwa juu yake unaweza kuilalamikia. Kuwatumia ndugu zako meseji nako hakuruhusiwi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Hifadhi picha za meseji zote. Iondolee programu hiyo ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, na usikope kwingine kulipia hapo.

Chumba: kama kodi yako inaisha kabla ya mitihani, usilipe miezi sita mingine kwa sababu mwenye nyumba kasema. Mwombe miezi miwili kwa maandishi, na akikataa kabebane na mwenzako mpaka UE iishe. Chakula sitakufundisha, kila mtu wa mwaka wa tatu ni profesa wa pasi ndefu, yaani kuruka milo, isipokuwa wiki za mitihani usiipige. Bima yako ya afya ya mwanafunzi nayo ina mwisho. Kama una jino au macho ya kushughulikia, shughulikia kabla hujaondoka.

Umalize pia mambo ya karatasi, ambayo wengi huyakumbuka wakiwa mtaani. Fomu ya kuondoka chuoni anza kuizungusha siku mitihani inapoisha. Kitabu kimoja cha maktaba kilichopotea mwaka wa kwanza kinatosha kuzuia cheti. Na cheti unakihitaji chenyewe, kwa sababu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda na za kidato cha nne na sita hazikubaliki. Wenzako watakuwa wanaomba kazi na wewe unasubiri sahihi ya maktaba. Fungua akaunti yako ya Ajira Portal sasa ujaze unachoweza. Angalia na TaESA, huduma ya ajira ya serikali, wana mpango wa kuwapeleka wahitimu kwenye taasisi wakapate uzoefu. Posho yake huenda isifikie ya mjomba, lakini kwa mtu wa maendeleo ya jamii huko ndiko anakojulikana na halmashauri na mashirika. Ukiajiriwa, Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, basi usipange maisha kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua.

Halafu chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita na kitambulisho cha NIDA, uvipange mezani na usome majina herufi kwa herufi. Majina ya kwetu huandikwa na yeyote aliyeshika kalamu siku hiyo, na "Elia" wa cheti cha kuzaliwa anaweza kuwa "Eliya" wa NECTA na "Elias" wa NIDA. Mfumo wa kuomba kazi hautambui kwamba ni mtu mmoja. Ukikuta tofauti, mwone wakili kuhusu kiapo au hati ya kubadili jina, na uulize kila ofisi inataka ipi kati ya hizo mbili. Fanya hivyo mwezi huu, ukiwa bado na barua ya utambulisho ya chuo, kabla ya wiki ya kwanza ya UE.